Kármán: Mtu Aliyeuliza kwa Nini Maji Hayatulii

Wanachuo wenzangu, ukipita kwenye korido za maabara wiki ya kukusanya ripoti utasikia neno moja kila kona: kupika. Hapa hawazungumzii ugali, wanazungumzia data. Jaribio limekataa, namba hazifanani na za kwenye desa, basi kundi linakaa chini, linafungua ripoti ya mwaka jana, na namba zinanyooka zenyewe. Kila mtu anapata alama zake, maisha yanaendelea.

Leo nataka kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake lisingekuwa kwenye vitabu vyetu kama kijana mmoja wa maabara angepika data kule Ujerumani mwaka 1911. Mtu huyo ni Theodore von Kármán. Wanaosoma anga wanamjua kwa mstari wa Kármán, ule wa kilomita 100 juu ya usawa wa bahari, unaotumika na wengi kama mpaka wa anga na anga za juu. Sisi wa mitambo tunakutana naye kwenye somo la mtiririko wa hewa na maji. Na kuna magari yanayotembea hapa nchini ambayo injini zake zinapima hewa inayoingia kwa njia iliyozaliwa kwenye kichwa chake, ingawa yeye alikuwa amekufa zamani kabla magari hayo hayajaundwa.

Nina sababu nyingine ya kumchagua. Mimi ni mtoto wa Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa kusini wa Mbamba Bay. Kwetu mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mtumbwi amekiona kile ambacho Kármán alikipigia hesabu. Mti umechomekwa kwenye maji yanayotembea, na nyuma yake vinatoka vizunguko vidogo, kimoja kulia, kimoja kushoto, tena kulia, tena kushoto, vinaondoka kwa foleni. Tumeviona sote. Swali ni nani aliuliza kwa nini.

Mtoto wa hesabu aliyekatazwa hesabu

Kármán alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 11 Mei 1881, katika familia ya Kiyahudi ya wasomi. Baba yake, Mór Kármán, alikuwa bingwa wa mambo ya elimu. Ndiye aliyeanzisha shule ya sekondari iliyojulikana kama Minta, yaani shule ya mfano, na mchango wake katika elimu ndio uliomfanya mfalme ampe heshima ya ukabaila. Ile "von" kwenye jina la mwanawe imetoka huko.

Mtoto alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, wageni wa nyumbani walikuwa wakimpa namba za tarakimu sita azizidishe kichwani, naye anajibu. Wageni wanashangilia. Baba hakufurahi. Aliogopa mwanawe atageuka kuwa kioja cha kuonyeshwa watu, mashine ya kuzidisha isiyojua kitu kingine. Akampiga marufuku michezo ya hesabu, akamrudisha kwenye jiografia, historia na ushairi. Miaka mingi baadaye Kármán mwenyewe alimshukuru baba yake kwa uamuzi huo.

Hapo Minta ndipo alipojifunza namna ya kusoma ambayo ningependa tuwe nayo hapa. Wanafunzi hawakupewa kanuni wakaikariri. Kwenye hesabu walitafuta takwimu za mavuno ya ngano ya Hungaria, wakapanga majedwali, wakachora grafu, wakatazama wapi mstari unapanda kwa kasi na wapi unalala. Kanuni ilikuja mwisho, kama jina la kitu ambacho tayari wamekiona.

Mwaka 1902 alihitimu uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi cha Budapest. Baada ya mwaka mmoja wa jeshi alirudi chuoni kuwa msaidizi wa profesa Donát Bánki. Kwa wapenzi wa injini jina hilo si dogo. Bánki na mwenzake János Csonka ndio waliotoa kabureta yao mwaka 1893, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Kwa hiyo Kármán alianza kazi kwenye meza ya mtu aliyekuwa akipambana na swali lile lile ambalo gari la leo linapambana nalo: hewa kiasi gani imeingia, na mafuta kiasi gani yaifuate?

Silinda isiyotulia

Mwaka 1906 alikwenda Göttingen, Ujerumani, kwa Ludwig Prandtl, mtu ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa sayansi ya mtiririko wa kisasa. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 1908, na haikuhusu hewa hata kidogo. Ilihusu nguzo zinazopinda zikibebeshwa mzigo. Mwaka huo huo akiwa Paris alikwenda alfajiri kumwona Henri Farman akirusha ndege. Kuanzia hapo hewa ikamteka.

Tuje sasa mwaka 1911. Prandtl alikuwa na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Karl Hiemenz. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: weka silinda iliyosimama wima kwenye mfereji wa maji yanayotembea polepole, halafu pima mgandamizo kuizunguka, uone mahali maji yanapoachana na silinda. Tatizo, maji yalikataa kutulia. Nyuma ya silinda mtiririko ulicheza kushoto na kulia muda wote.

Prandtl alidhani silinda haijachongwa mviringo sawasawa. Hiemenz akaichonga upya kwa uangalifu mkubwa. Maji yakacheza. Labda basi mfereji hauko sawa pande zote mbili. Akaurekebisha mfereji. Maji yakacheza tu.

Kármán hakuwa kwenye mradi huo. Alikuwa mhadhiri kijana mwenye shughuli zake. Lakini kila asubuhi akipita maabara alimuuliza Hiemenz kama maji yametulia leo, na kila asubuhi Hiemenz alimjibu kwa huzuni kwamba bado. Ikafika siku Kármán akawaza upande wa pili kabisa. Kama silinda imechongwa vizuri, mfereji umenyooshwa, na maji bado yanacheza, basi pengine kucheza huko si kasoro ya jaribio. Pengine ndiyo tabia ya maji yenyewe.

Alikaa mwisho wa wiki moja akipiga hesabu. Alijiuliza hivi: tuseme nyuma ya silinda kuna safu mbili za vizunguko. Safu hizo zinaweza kupangwa kwa njia mbili, ama kila kizunguko kinatazamana na mwenzake wa ng'ambo, ama vinapishana kama nyayo za mtu anayetembea. Ukivisukuma kidogo, mpangilio upi unadumu? Hesabu ikatoa jibu safi. Vikitazamana, mpangilio unavunjika. Vikipishana, unaweza kudumu, lakini kwa kipimo kimoja tu: umbali kati ya safu mbili uwe karibu 0.28 ya umbali kati ya kizunguko na kinachokifuata kwenye safu ile ile. Maji, kwa hiyo, hayana namna. Lazima yatoe kizunguko kulia, kisha kushoto, kisha kulia.

Prandtl alipoona hesabu hizo hakuona haya kubadili mawazo. Aliziwasilisha kwenye chuo cha sayansi cha Göttingen, na foleni hiyo ya vizunguko ikaja kuitwa mtaa wa Kármán.

Haki isemwe: yeye hakuwa wa kwanza kuviona. Mfaransa Henri Bénard alikuwa amevichunguza na kuvieleza mwaka 1908, na alilalamika kwamba jina limekwenda kwa mwingine. Kármán alilipokea lalamiko hilo kwa utani wake wa kawaida, akapendekeza kwamba kile kinachoitwa mtaa wa Kármán huko London na Berlin, jijini Paris kiitwe barabara ya Henri Bénard. Yeye mwenyewe alisimulia pia kwamba aliwahi kuona Bologna, Italia, mchoro wa zamani wa Mtakatifu Christopher akivuka mto na mtoto Yesu begani, na mchoraji alikuwa amechora vizunguko vinavyopishana nyuma ya mguu. Yaani wachoraji waliona, wavuvi wetu wanaona, Bénard aliona na akapima. Kármán alichoongeza ni sababu.

Na Hiemenz? Hakuzificha namba zake zilizokataa kutulia. Kama angechukua wastani wa kupendeza, akachora mstari ulionyooka na kukabidhi ripoti, asubuhi zile Kármán angejibiwa kwamba mambo ni shwari, na angepita zake.

Mwalimu wa wanafunzi wakorofi

Mwaka 1913 Kármán alikuwa profesa Aachen. Vita Kuu ya Kwanza ikamrudisha kwenye jeshi la Austria na Hungaria, ambako alishiriki kutengeneza helikopta iliyofungwa kwa kamba ardhini, ya kuinua mtazamaji juu ya uwanja wa vita. Baada ya vita akarudi Aachen na kuifanya taasisi yake ya anga kuwa na jina. Lakini chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa inapanda Ujerumani, na mwaka 1930 alishika uongozi wa maabara ya anga ya chuo cha Caltech huko Pasadena, California. Alihama na mama yake na dada yake Josephine. Hakuoa maisha yake yote. Dada yake ndiye aliyeongoza nyumba, na nyumba hiyo ilikuwa wazi kwa wanafunzi na wageni wa kila aina.

Mwaka 1936 mwanafunzi wake Frank Malina alimletea wazo la kutengeneza roketi. Wakati huo roketi zilikuwa kitu cha hadithi za kubuni, na msomi mwenye jina lake alikuwa akijiepusha nazo. Malina alikuja na vijana wawili wasiokuwa hata wanafunzi wa Caltech, Jack Parsons na Ed Forman. Majaribio yao yalikuwa na milipuko mpaka wenzao wakawabandika jina la kikosi cha kujiua. Kármán aliwakubalia. Baadaye alijiunga nao Qian Xuesen, kijana kutoka China.

Kutoka kwenye kikundi hicho cha wakorofi ilizaliwa kampuni ya Aerojet mwaka 1942, na maabara ya JPL, ambayo mpaka leo inapeleka vyombo kwenye sayari nyingine. Qian alikuja kutiliwa shaka na serikali ya Marekani, akanyang'anywa kibali cha kazi za siri mwaka 1950, akarudi China mwaka 1955 na kuwa baba wa makombora ya huko.

Sitaki kumpamba mzee huyu kupita kiasi. Maarifa yake mengi yalikwenda jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake alikuwa mshauri mkuu wa sayansi wa jeshi la anga la Marekani, na yeye aliona ni kazi halali ya msomi. Mnaosoma siasa na maadili mnaweza kubishana juu ya hilo, na mnapaswa kubishana.

Tarehe 7 Novemba 1940 daraja la Tacoma Narrows, lililofunguliwa miezi minne tu kabla, lilijipinda kwa upepo wa wastani wa kilomita 64 kwa saa na kuanguka majini. Kármán aliteuliwa kwenye tume ya watu watatu ya kuchunguza. Wajenzi wa madaraja walizoea kuuhesabu upepo kama mzigo uliotulia, kama gunia lililowekwa juu ya daraja. Yeye akasisitiza kwamba upepo unapita na kuachia vizunguko kwa mapigo, na daraja jepesi linaweza kuyafuata. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba mtaa wa Kármán peke yake hautoshi kueleza kuanguka kule, kwa sababu mapigo yake yalikuwa ya haraka kuliko mwendo wa daraja. Daraja lenyewe kwa kujipinda lilikuwa likijiongezea nguvu kutoka kwenye upepo. Lakini tangu tume ile, madaraja makubwa ya kuning'inia hupimwa kwanza kwenye handaki la upepo.

Februari 1963 alikuwa mtu wa kwanza kupewa nishani ya taifa ya sayansi ya Marekani, kutoka mkononi mwa Rais Kennedy. Alikuwa na umri wa miaka 81 na maungo yanauma. Kwenye ngazi aliyumba, rais akampa mkono, naye akamkatalia kwa utani kwamba mtu anayeshuka hahitaji msaada, anayehitaji ni anayepanda. Tarehe 6 Mei mwaka huo huo alifariki akiwa Aachen, siku tano kabla ya kutimiza miaka 82.

Sensa ya hewa

Sasa tuingie chini ya boneti. Petroli haiungui peke yake. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inameza hewa ya karibu lita 9,000 kwenye usawa wa bahari, yaani mapipa 45 ya lita 200. Hewa ikizidi, gari linakosa nguvu na injini inapata joto. Mafuta yakizidi, unaona moshi mweusi na mfuko unatoboka.

Kabureta ilifanya kazi hiyo kwa kubahatisha vizuri. Ilipokuja sindano ya mafuta ya kielektroniki, yale mafundi wanayoita nozeli, kompyuta ya gari ikahitaji kujua hewa iliyoingia kila wakati. Njia ziko kadhaa. Ya zamani ni kibao chenye springi kinachosukumwa na hewa: hewa nyingi, kibao kinafunguka zaidi. Iliyoenea leo ni waya mwembamba au utando unaopashwa moto. Hewa inayopita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaosema hewa ni kiasi gani. Magari mengine hayana kitu njiani kabisa. Yanapima mgandamizo ndani ya bomba la kuingizia hewa na kukisia.

Njia nyingine ndiyo ya mtu wetu. Wajapani, hasa Mitsubishi na baadaye Toyota kwenye baadhi ya injini zake, waliweka nguzo ndogo katikati ya bomba la hewa, baada ya chujio. Kwanza hewa hupitishwa kwenye kitu kama sega la nyuki ili inyooke. Ikigonga nguzo, inatoa vizunguko, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Yale yale ya mfereji wa Hiemenz. Kazi ya sensa ni kuvihesabu. Mitsubishi walipitisha mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio kukatiza bomba, na kila kizunguko kinayavuruga kidogo. Toyota walitumia kioo kidogo sana juu ya utepe mwembamba wa chuma: kila kizunguko kinakitikisa kioo, mwanga unaomulikwa juu yake unayumba, na kifaa cha kupokea mwanga kinahesabu.

Kwa nini idadi ya vizunguko iseme kasi ya hewa? Hilo alilipata Vincenc Strouhal, mtu wa Bohemia, mwaka 1878, akichunguza sauti ya waya kwenye upepo. Ukichukua idadi ya vizunguko kwa sekunde, ukazidisha kwa unene wa nguzo, ukagawanya kwa kasi ya hewa, unapata namba ile ile karibu mara zote. Kwa nguzo ya mviringo ni kama 0.2. Nguzo ya sentimita 1, hewa inakwenda mita 10 kwa sekunde: vizunguko 200 kwa sekunde. Hewa ikikimbia mita 20, vinakuwa 400. Kasi mara mbili, hesabu mara mbili. Kompyuta haihitaji kukisia, inahesabu tu. Mafundi wetu wanaiita sensa, na kwa hii jina limekaa kuliko wanavyojua, maana kazi yake ni kuhesabu kichwa kimoja kimoja, kama sensa ya watu na makazi.

Lakini sensa hii ina jambo moja la kuangalia. Inapima ujazo wa hewa, haipimi uzito. Lita moja ya hewa ya pwani na lita moja ya hewa ya mlimani zinatoa vizunguko sawa, wakati uzito wake si sawa. Ukipanda mita 1,000, hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ndani ya sensa huwekwa vipima viwili vidogo, kimoja cha joto na kimoja cha mgandamizo wa hewa, ili kompyuta igeuze lita kuwa kilo. Waya wa moto hauna haja kubwa ya hayo, na ni sababu moja ya kuenea kwake.

Kutoka Chiwanda kupanda Umatengo

Kwetu jambo hili si la kitabuni. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, kilomita 66 za barabara, unaacha joto la ziwani na kupanda vilima vya Umatengo vinavyopita mita 1,300. Injini inahama kutoka hewa nzito kwenda hewa nyepesi ndani ya safari moja.

Mjomba wangu hubeba usipa kupandisha mlimani na kurudi na maharage. Gari lake la petroli, kuukuu, lina sensa ya aina hii. Kuna kipindi lilianza vituko: huku ziwani linakwenda kama kawaida, likifika mlimani linatoa moshi mweusi, linazubaa, na mafuta yanaisha kabla ya hesabu. Gereji moja ya mjini ikabadilisha plagi. Halafu pampu ya mafuta. Halafu ikazungumzia nozeli. Kila spea ilikuwa inalipiwa na faida ya usipa wa wiki kadhaa. Mjomba akiwaeleza kwamba tatizo linaanza akipanda, walimwambia ni milima tu, gari limechoka.

Aliyemaliza kazi ni fundi mzee ambaye kabla ya kugusa chochote alimuuliza maswali. Linaanzia kijiji gani? Likishuka linaacha? Likiwa tupu bila mzigo inakuwaje? Majibu yote yalielekea upande mmoja: ugonjwa unafuata mwinuko, haufuati mzigo. Akapima waya za sensa ya hewa. Kipima mgandamizo kilikuwa kimekufa. Kompyuta ikikikosa kipimo hicho huchukua namba ya usawa wa bahari na kwenda nayo. Huku ziwani kosa ni dogo, gari linavumilia. Mlimani kosa linakuwa kubwa, kompyuta inadhani hewa ni nzito, inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Sensa ya mtumba ikafungwa, moshi ukaisha.

Fundi yule hajawahi kusikia jina la Kármán, na sidhani linampunguzia kitu. Alifanya kile Kármán alichofanya asubuhi zile za Göttingen. Kitu ambacho wengine walikiita usumbufu yeye alikichukua kuwa ndiyo habari yenyewe. Gereji ya kwanza ilikuwa na taarifa ile ile. Mjomba aliwapa bure. Waliitupa kwa sababu haikufanana na walichokuwa wanatarajia.

Hapo ndipo hatari ya kupika data ilipo, na alama ni sehemu ndogo tu ya hatari hiyo. Mwanafunzi aliyezoea kwa miaka minne kufuta namba zinazokataa atakuwa mhandisi anayefuta namba zinazokataa. Atakuwa daktari anayeambiwa na mgonjwa kwamba maumivu huja usiku tu, naye asiandike. Na wa kulipia ni watu kama mjomba wangu, kwa pesa ya usipa.

Ninajua utetezi wetu. Vifaa vya maabara ni vichache, muda ni mfupi, msimamizi anataka namba zinazofanana na kitabu, na supu inamsubiri atakayekosea. Yote ni kweli. Kwa hiyo simwelekezei kidole mwanafunzi peke yake. Serikali yetu ya wanafunzi inapokutana na wakuu wa idara huzungumzia bumu, mabweni na ratiba ya mitihani. Naomba iongeze jambo moja dogo lisilogharimu fedha: kila ripoti ya maabara iwe na ukurasa wa yaliyokataa, na ukurasa huo uwe na alama zake. Mwanafunzi aandike maji yalicheza vipi, silinda alichonga mara ngapi, na bado yakacheza. Msimamizi asome. Kuuliza si ujinga, na kuandika ulichokiona si kufeli.

Prandtl alikuwa bingwa wa dunia, na alikubali kwamba silinda ya mwanafunzi wake haikuwa na kosa. Hilo nalo wakufunzi wetu walisome.